Jua Ni Moja, Saa Ni Mbili

"Jua ni moja, saa ni mbili." Mmeisikia asubuhi hii vinywani mwa mama waliokuwa wakiwatoa watoto nje, mkacheka, kisha mkaniuliza chimbuko lake. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha milimani Upare, kila mtu aliijua kanuni hii: mtoto asiyetembea hapigwi na jua. Mbazi, mtoto wa Mwalimu Elieza, alitimiza mwaka na nusu akiwa ndani. Alipojaribu kusimama, miguu yake ilipinda kama upinde, akaanguka.

Mama yake, Nanzia, alimpeleka kwenye zahanati ya misheni. Sista, Mzungu aliyekaa nchini miaka kumi, alisema kwamba mifupa ya mtoto ilikuwa laini kwa kukosa jua. Akaagiza avuliwe nguo, afunikwe kichwa, akae juani saa mbili kwa nusu saa, kisha arudishwe kivulini.

Elieza, aliyekuwa na saa ya ukutani pekee kijijini, alieleza kwamba Wazungu huhesabu kuanzia saa sita, ya usiku na ya mchana; kwa hiyo saa mbili ya Sista ni saa nane ya mchana. Nanzia alipotia shaka, Elieza alimwambia asibishane na mtu aliyesoma.

Siku ya tatu Mbazi alishikwa na homa. Ngozi ya mabega ikambabuka, akakataa uji, akalia bila machozi. Bibi yake, Nakiete, mama wa Elieza, akafunga mlango na kumkumbusha kila mtu kanuni. Nanzia hakujua amtii nani: bila jua mtoto hana miguu, na juani anampoteza. Akamfunga mgongoni, akateremka zahanati.

Sista alimnywesha maji kijiko kwa kijiko, kisha akauliza, "Mlimtoa saa ngapi?"

"Saa mbili, Sista. Saa mbili yako."

"Yangu ni ipi?"

"Ya Kizungu. Kwetu ni saa nane."

Sista akaweka kijiko chini. "Mama Mbazi, nikikwambia uje saa mbili, hunikuta nikila chakula cha mchana?"

"Hapana. Nakukuta ukifungua mlango, umande haujakauka."

"Basi ni saa hiyo hiyo. Nikisema Kiswahili, nahesabu Kiswahili."

Homa iliposhuka, Nanzia alianza kumtoa mtoto asubuhi, na Nakiete, baada ya kunung'unika siku nyingi, akamtandikia mkeka yeye mwenyewe. Kufikia mavuno Mbazi alisimama akishika ukuta.

Ndipo wazee wa ukoo walipomwita Elieza. Walisema kwamba kutojua si kosa. Kosa ni kumnyamazisha aliyeuliza. Wakamhukumu kwa kipimo kile kile: akae uani saa nane ya mchana, mabega wazi, siku tatu.

Elieza hakukata rufaa. Siku ya kwanza alijaribu kusoma kitabu, akashindwa kwa mng'ao. Siku ya tatu, muda ulipotimia, aliinuka akiyumba, akamwomba Nanzia radhi mbele ya wazee. Akapokea kata ya maji mkononi mwa mama yake.

"Ila mama," akasema, "bado sielewi. Jua lililomsimamisha mtoto ndilo hili lililoniunguza mimi?"

"Ndilo hilo, mwanangu," akajibu Nakiete. "Kunywa maji. Jua ni moja, saa ni mbili."