Funguo Mbili za Gari Jeupe

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za mababu, ni zamani za juzi juzi tu, mnara wa simu ulishasimama mlimani na watu walishaanza kulalamikia vifurushi, paliondokea mama mmoja huko Upareni juu, jina lake Nazaeli. Tulieni basi nisimulie. Nikimaliza nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu anijibu kwa kucheka.

Nazaeli alikuwa na mume, Togolai, mwalimu wa hesabu. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Nietiwe, msichana wa miaka tisa, mdomo mwingi, kutwa kuchora. Mtoto huyo alizaliwa na selimundu. Mnaijua selimundu? Damu inakaa vizuri wiki, inakaa vizuri mwezi, halafu siku moja inagoma, na mtoto analia mifupa mpaka sauti inakauka. Ikigoma, msaada wake haupo zahanati ya kijijini. Uko hospitali kubwa, chini tambarare, na kutoka kijijini kwao mpaka tambarare ni kona juu ya kona.

Basi kila damu ilipogoma, Nazaeli alitoka mbio kupiga hodi kwa wenye magari. Huyu gari liko gereji. Huyu amesafiri. Huyu ngoja kwanza amalize chai. Mama wa watu akawa anaishi roho juu. Mtoto akikohoa, anaruka kitandani. Mtoto akikaa kimya, ndiyo kabisa. Misimu minne mfululizo mke na mume wakaweka fedha za tangawizi, hawakugusa hata senti, ili wanunue gari lao la nyumbani la kumbeba Nietiwe.

Fedha zikatimia, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Togolai alitaka gari jipya. Jipya la kweli, si lile tunaloliita jipya kwa kuwa limeshuka melini jana wakati huko lilikotoka limeshazeeka. Alitaka la kilomita sifuri. Alisema kununua gari la mkononi ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwenye nalo anaujua ugonjwa wake na hatakwambia. Alisema siku moja litazima kwenye kona, mtoto yumo ndani, ndipo utajua kwa nini waliliuza.

Nazaeli alitaka la mkononi. Si la mkononi lolote, alitaka gari la Mzee Kiure, tabibu mstaafu, lile la kijani lenye miguu mirefu, lililopanda na kushuka mlima ule miaka ishirini. Na Nazaeli msimchukulie poa, alikuwa dereva hasa. Aliendesha pikapu ya chama cha tangawizi miaka mitano kabla hajaolewa, na huyo Togolai usukani alifundishwa na yeye. Alisema ugonjwa wa gari la Mzee Kiure kijiji kizima kinaujua, na likizima, fundi Hozza analifungua amefumba macho. Hilo jipya la kompyuta likigoma kwenye kona, mtoto yumo ndani, nani ataligusa?

Mume jipya, mke la mkononi. Asubuhi jipya, jioni la mkononi. Walibishana miezi mitano, na katika miezi hiyo damu iligoma mara mbili, na mara zote mbili Nazaeli akaenda kupiga hodi kwa watu wanaomwambia ngoja nitafute viatu. Kinachoniuma mimi ni kwamba walikuwa wakiogopa kitu kimoja. Kila mmoja alikuwa akiliona gari limezima na mtoto yumo ndani. Walipishana tu ni gari gani.

Mwishowe Togolai akakata shauri peke yake. Alishuka Jumatatu, akapanda Jumatano na gari jeupe, nailoni bado ziko kwenye viti. Majirani wakajaa uani. Nazaeli hakutoka. Alibaki jikoni anachambua maharage aliyokwisha kuyachambua.

Sasa nisikilizeni vizuri. Gari lile lilikuja na funguo mbili.

Ufunguo wa kwanza. Togolai alikuwa na dada mkubwa, Nakundwa, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Katika ukoo ule kitu kipya hakitumiki mpaka kiombewe. Nyumba mpya hailaliwi, mashine mpya haisagi, na gari jipya halibebi mtu. Mpaka siku ya maombi, ufunguo anakaa nao mkubwa wa familia. Mchungaji angepatikana Jumapili. Basi Togolai akampa dada yake ufunguo kwa mikono miwili, mbele za watu, na dada akaufunga kwenye pindo la khanga. Hakuna aliyepinga. Mchungaji alipopigiwa simu hakupinga, majirani hawakupinga, na Nazaeli, aliyesikia yote kupitia dirisha la jikoni, hakupinga.

Ufunguo wa pili. Watu walipotawanyika, Togolai aliingia jikoni akamnyooshea mkewe mkono.

"Kaa na huu, mama Nietiwe. Dada asijue. Lolote likitokea kabla ya Jumapili, usimsubiri mtu."

Nazaeli hata hakugeuka. "Gari lako, ufunguo wako. Mimi sikuliomba."

Togolai akautia ufunguo mfukoni mwa suruali, akatoka. 

Ijumaa ikafika. Ilikuwa wiki ya mitihani ya kidato cha nne, na Togolai alipangwa kusimamia shule ya kata nyingine. Mnajua mitihani ya taifa ilivyo, simu zinakusanywa na mlangoni anasimama askari. Nakundwa naye aliamkia msibani, ng'ambo ya mlima, kwa miguu. Simu aliizima kwa heshima ya wafiwa, na hata angeiwasha, kule mtandao haushiki.

Saa nne asubuhi Nietiwe akasema kichwa kinamuuma. Nazaeli akamwambia anywe maji. Mtoto akanyanyua kikombe, kikombe kikamponyoka. Mama akamtazama, akaona mdomo umeenda upande. Alikuwa ameshaiona damu ikigoma mara nyingi, kwenye mifupa, kwenye kifua, kwenye tumbo. Hii hakuwa ameiona, na aliogopa kuliko siku zote za maisha yake.

Akakimbilia uani. Gari lipo. Milango imefungwa. Akampigia mumewe, simu haipatikani. Akampigia wifi yake, haipatikani. Akatuma bodaboda mmoja msibani, mwingine kule shuleni. Wa shuleni alirudishwa na askari getini. Wa msibani alimkuta Nakundwa makaburini, na mpaka arudi naye tayari jua lilikuwa kichwani na mgonjwa ameshaondoka. Huku nyuma, wakiwa bado wanasubiriwa, fundi Hozza ameitwa, amefika, amelizunguka gari mara mbili, ametikisa kichwa. Alisema ufunguo wa gari kama lile una kitu ndani yake, na akikata nyaya litajifunga moja kwa moja. Nazaeli alipiga kioo kwa ngumi. Gari likaanza kulia king'ora, mtoto ndani ya nyumba akashtuka akalia nalo.

Ndipo akaenda kwa Mzee Kiure. Mzee hakuuliza swali. Wakalisukuma gari la kijani, likawaka, mzee akashika usukani, mama akampakata mtoto nyuma. Wakashuka.

Nanyi mnaosema moyoni kwamba Nazaeli alikuwa na haki tangu mwanzo, ngojeni kwanza. Kona ya tano, moshi ukaanza kutoka kwenye magurudumu. Mzee akasimama.

"Breki zimepata moto, mwanangu. Hapa huwa lazima lipumzike kidogo."

Nazaeli akauliza tangu lini. Mzee akasema tangu zamani, kila mtu anajua. Kila mtu alijua kweli, ila Nazaeli katika miezi mitano ile hakuwahi kuuliza breki zikoje. Alikuwa na kazi ya kumbishia mumewe. Wakapumzika kona ya tano, wakapumzika tena chini kidogo, na kila wakipumzika Nazaeli alikuwa akihesabu pumzi za mtoto kwa sauti ili asipige kelele.

Walifika saa saba. Daktari alisema ni kiharusi, kinawapata watoto wa selimundu. Mtoto akaongezewa damu, akapona, Mungu ni mkubwa. Lakini mkono wa kushoto haukurudi, na Nietiwe alikuwa mashoto. Nazaeli alimfuata daktari kwenye korido, akamuuliza kama wangewahi, mkono ungepona. Daktari hakutaka kusema. Alipobanwa akasema tu kwamba kwa ubongo wa mtoto muda wa saa tatu ni mwingi mno.

Siku ya tisa wakaruhusiwa. Togolai aliwapandisha na gari jeupe, dakika hamsini tu, tumbo la gari likikwaruza mawe, na hakuna aliyethubutu kutaja habari ya maombi.

Jumapili ukoo ukakaa. Walikuja kumpa mtoto pole, lakini pole ilipokwisha, macho yote yakamgeukia Nakundwa. Baba wakubwa wakamsema. Mawifi wakamsema. Ulibeba ufunguo wa gari la mgonjwa ukaenda nao msibani, wewe una akili gani? Hata wale waliopiga makofi Jumatano ile ufunguo ukifungwa pindoni, nao walimsema. Nakundwa alikuwa amekaa mkekani, miguu ameikunja, hainui kichwa. Mzee Kiure alijaribu kusimama aseme habari za breki zake, wakamwambia mzee kaa, haikuhusu.

Nazaeli alikuwa amekaa karibu na mlango. Alimtazama mumewe. Mumewe naye alikuwa akimtazama. Ule ufunguo wa pili, Togolai hakuwa amemwambia mtu. Hakumwambia dada yake, hakumwambia daktari, na hata yeye Nazaeli hakumkumbusha. Ukoo mzima ulikuwa ukimhurumia Nazaeli siku ile. Angekaa kimya, angetoka msafi, na wifi yake angezikwa na lawama ile.  Akasimama.

"Mwacheni wifi," alisema. "Ufunguo wa pili nilipewa mimi. Jumatano ile ile, jikoni. Nikaukataa kwa sababu nilikuwa nimenuna. Ningeupokea, ningeendesha mwenyewe, saa tano na nusu mtoto angekuwa kwa daktari. Kosa ni langu."

Watu wakaguna. Nakundwa akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Kaa chini, wifi. Wewe ulinuna siku moja. Mimi nina miaka sitini, na najua huyu mtoto anavyougua. Asubuhi ile wakati najifunga khanga niliugusa ule ufunguo. Nikajua kabisa naenda mahali simu haishiki. Nikasema nikiuacha watalipanda kabla ya maombi, na mimi nitaonekana si kitu. Nikaondoka nao. Kosa ni langu."

Ndipo Togolai akazungumza, na alizungumza akitazama sakafu.

"Ningeuacha ule ufunguo mezani, mama Nietiwe angeuona. Ningeutundika ukutani, angeuona. Niliutia mfukoni makusudi. Siku mbili nilitembea nao. Nilitaka aje aniombe." "Nilitaka tu aniombe. Kosa ni langu."

 Wale waliokuwa wakisema sana wakaanza kuangalia kucha zao.

Hakuna aliyejua kwamba Nietiwe ameamka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, ameegemea fremu, ule mkono ameushika kwa mwenzake. Alikuwa amesikia yote. Hakulia. Aliuliza kama anavyouliza mtoto anayetaka kujua kitu.

"Kwa hiyo tungewahi, mkono wangu ungekuwa mzima?"

Mama akainamia sakafu. Baba akageuza uso. Shangazi akajifunika. Na hapo dakika moja tu iliyopita walikuwa wakigombea kosa, kila mtu analivutia kwake.

Haya. Mimi yangu nimemaliza, kazi ni yenu. Mama aliyeukataa ufunguo, shangazi aliyeondoka nao, baba aliyeutia mfukoni. Msiniambie wote watatu, hilo ni jibu la wavivu. Mtoto bado yuko mlangoni, anawatazama, anasubiri. Je, ni nani kati yao anayestahili kumtazama machoni na kumjibu?