Kitojo Apanda Miti

Hapo zamani, wafalme walipokuwa bado hawajajua kuona haya, alikuwako katika nchi ya Mbweza Sultani mmoja, jina lake Badawi, aliyependa milango ya kuchonga kuliko watu wake. Akaufyeka msitu mzima kwa ajili ya milango, hata ikasalia miti michache tu bondeni, mvule, mninga, mkuyu na mkongo, kila aina mmoja. Nayo pia akaitaka!

Basi alikuwako na mrina asali mmoja, akiitwa Kitojo, fukara hana mbele wala nyuma, ila mizinga yake iliyoning'inia katika miti hiyo. Aliposikia, roho ikamruka, akakimbilia barazani akapiga magoti.

"Ewe Bwana wangu, miti hiyo ndiyo mama. Ukiwakata, msitu utazaliwa na nani?"

Sultani, aliyekuwa akijifunga upanga kwenda vitani, akamcheka kwa dharau.

"Ala! Basi panda miti wewe! Panda ya kila aina mpaka msitu urudi. Atakayekuzuia kazi yako, nitamkata kichwa. Usipopanda, nitakata chako."

"Nipande, Bwana?"

"Panda!"

"Nimesikia, nimetii," akasema Kitojo, akatoka akichekea moyoni.

Kulipokucha wakataji wakaja na mashoka, wakamkuta Kitojo kileleni mwa mvule, miguu inabembea.

"Shuka, we mwehu, tukate!"

"Sishuki ng'o! Nimeamriwa kupanda miti. Si huu ninaupanda?"

"Basi tutakata mninga."

"Huo nitaupanda kesho, na mkuyu kesho kutwa. Mkiikata, nitapanda nini? Hapo mtakuwa mmenizuia kazi, na shingo ni zenu."

Wakataji wakajishika shingo, wakarudi zao. Ikawa hivyo kila siku, na mkewe Mwanashaha humpelekea chakula, akikifunga kwenye kamba. Masika yakaja, na mengine yakafuata. Popo wakala matunda ya mvule wakadondosha mbegu, upepo ukazipeperusha za mninga, ndege wakazinya za mkuyu kila pahali, na visiki navyo vikachipua.

Sultani aliporudi kutoka vitani akafika bondeni, macho yamemwiva.

"Mpumbavu wee! Nilikuamuru upande miti, nawe umekaa juu kama kima!"

"Nimepanda, Bwana wangu, hata magoti yamechubuka."

Sultani akafumbua kinywa amwite mwenye upanga, mara akahisi majani yanamgusa kiunoni. Akatazama chini. Miche tele, ya kila aina, imechanganyika.

"Na hii kapanda nani?"

"Hiyo haikupandwa, Bwana. Imeota. Mama zao wapo."

Sultani akaona haya, maana ulimi wake ndio uliomponza. Kisha akaangua kicheko hata kilemba kikamdondoka.

"Umenipata, mwana wa watu! Sikieni nyote: shoka lisiingie bonde hili mpaka Kitojo ashuke mtini."

Kitojo akainama kutoka tawini, akaita, "Mwanashaha! Niletee mkeka na mto, nahamia huku!"

"Lo! Na mimi je, mume wangu?"

"Panda!"