Moshi wa Sultani Ghalib

Hapo zamani, katika mji wa Mtangao, alitawala Sultani Ghalib, mtu mwenye mali nyingi na mkono mzito wa kutoa. Mapenzi yake yalikuwa sigara. Si hizi nyembamba za vijana, bali zile nene za majani mazima ya tumbaku yaliyoviringwa, aletewazo kutoka nchi za mbali. Na desturi yake ilikuwa kumpa kila mgeni sigara tatu azipambanue, kila moja mvuto mmoja tu. Mgeni akisha kuvuta, husifu, tena kwa kirefu, kisha sigara huzimwa taratibu na kurudishwa sandukuni zimngoje mgeni mwingine. Basi matajiri na mabalozi wakavuta masazo ya wenzao, huyu akasema aonja asali, yule karafuu, mwingine ngozi ya tandiko jipya. Wala hakutokea aliyethubutu kusema kuwa aonja mate ya kadhi.

Ikawa siku moja Sultani akafungua sanduku, akaona sigara zake zimekuwa fupi kama vidole vya mtoto. Akaghadhibika, akamtuhumu Shamte, mtunza sanduku, kuwa anazikata kwa siri. Shamte akajitetea kwamba zimeliwa na moto kwa kuvutwa. Sultani akamcheka, akasema moshi si kitu, ni harufu tu, na waridi halipungui kwa kunuswa. Waziri akaitikia kuwa ndivyo, na baraza zima likaitikia, kwani mwenye nguvu mpishe. Shamte akatiwa gerezani.

Huyo Shamte alikuwa mume wa Mwanahija, na Mwanahija alikuwa na kaka mmoja tu, Pandu, mtu asiye na kitu ila ulimi. Mchana alishinda vibarazani akichekesha watu, jioni akila kwa dada yake. Siku hiyo alimkuta dada na mimba yake kubwa ameketi jikoni analia, na mafiga yamepoa. Moyo ukamwuma kweli, na njaa nayo, tusimsingizie, ikamsaidia kuumia.

"Teleka chungu, dada," akamwambia. "Shemeji atakula hapa leo."

Akaenda hadi kwa Sultani, akapiga magoti na kumwombea shemeji yake. Sultani, aliyependa mchezo kuliko haki, akaagiza sigara tatu mpya.

"Ewe Pandu, zivute hizi mbele yangu, uniambie iliyo bora. Lakini chumbani humu isitoke hata chembe ya mali yangu. Isipotoka, utaondoka na shemeji yako. Ikitoka, utalala naye gerezani."

Pandu akaingiwa na hofu, maana alikuwa hajapata kuvuta hata kiko, na dada yake angebaki bila mume wala kaka. Akaitazama sigara, akautazama mlango, akawaza kidogo.

"Amri yako ni juu ya kichwa changu, Bwana wangu. Basi naomba milango na madirisha yafungwe, na nyufa zizibwe."

Yakafungwa, na askari wakavua vilemba wakaziba nyufa. Pandu akawasha ya kwanza. Akavuta na kupuliza, akavuta na kupuliza, bila haraka, kama mtu aliyealikwa harusini. Alipowasha ya pili kadhi alikuwa anakohoa, na Waziri akamwendea askari wa dirishani kumwomba alifungue kidogo tu.

Pandu akamkumbusha kwa adabu kuwa likifunguliwa mali ya Sultani itatoka, akamwuliza kama yu tayari kufungwa yeye badala ya Pandu na Shamte. Waziri akarudi kuketi.

Kwa sigara ya tatu hapakuonekana tena nani Sultani na nani mtumwa. Wote walikuwa vikohozi tu. Sultani akainuka akipapasa ukuta, machozi yakimtiririka ndevuni.

"Fungueni mlango."

"Kutatoka nini, Bwana wangu?" akauliza Pandu.

"Moshi, ewe mpumbavu."

"Nao si kitu, ni harufu tu. Ila kama si kitu, Bwana wangu, ni nini hicho kinachokuliza?"

Sultani aliupiga mlango teke kwa mguu wake mwenyewe, akatoka, na baraza zima nyuma yake. Pandu akawafuata akiyumba, amebeba sinia yenye vipisi vitatu na majivu.

"Hiki ndicho kilichobaki," akasema. "Kilichopungua kimepita mlangoni sasa hivi, na aliyeufungua ni wewe. Shamte hakuwamo chumbani."

Sultani akavitazama vipisi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamrudia, akaamuru Shamte aachiwe na tangu siku ile kila mgeni apewe sigara yake nzima, aivute hata iishe.

"Lakini hujaniambia," akasema, "iliyo bora ni ipi?"

Pandu alikuwa ameegemea nguzo. "Ya kwanza ilinichoma koo, ya pili ikanizungusha kichwa, ya tatu sikuiona kwa machozi. Iliyo bora ni ile iliyofungua gereza, nami sijui ni ipi kati yao."

Wakaenda zao, yeye na Shamte, wakakuta chungu kinatokota. Mwanahija akamkumbatia mumewe akalia kwa furaha, akamwingiza ndani. Kisha akamnusa kaka yake, akasimama mlangoni, akasema nyumbani kwake haingii hata chembe ya moshi ule. Basi Pandu akapewa sahani yake kibarazani, akala huko peke yake, akashiba.