Mabinti wa Pembeni

Hapo zamani, kompyuta zilipokwisha kufika mjini lakini kumbukumbu za koo nyingi bado zikitunzwa kwenye madaftari, Nakijwa aliazimwa na bibi yake, Nakunze, daftari la ukoo ili alitoe kitabu. Watoto wa kiume waliandikwa katikati ya ukurasa. Mabinti, kwa kuwa waliolewa kwingine, waliandikwa pembeni kabisa.

Miaka tisa Nakijwa alipanda na kushuka milima ya Upare akihakiki majina. Akawapata mabinti arobaini na mmoja waliosahauliwa, akawaandika pembeni kama wenzao.

Elinaza, mtoto wa kaka yake, akapanga kurasa kwenye kompyuta.

“Shangazi, haya majina ya pembeni yamebanana na ukingo. Niyasogeze ndani?”

“Usiguse. Bibi aliandika hivyo.”

Faili likapelekwa kwa mchapaji. Mkutano wa ukoo ulikuwa Jumamosi, na bibi, mwenye miaka tisini na mbili, alitaka kukishika kitabu kwa mikono yake. Jumatano simu ikalia.

“Mama, ni Kiondo, mkaguzi wa mafaili hapa kwa mchapaji. Sichapi.”

“Huchapi? Tulishakubaliana!”

“Kitabu kikishajalidiwa, kisu cha mashine hukata kingo za kurasa ziwe sawa. Mabinti zenu wote wataishia kwenye pipa la taka. Bosi anasema nichape kilivyoletwa. Nimegoma.”

Nakijwa akamwita Elinaza, akamweleza.

Siku mbili Elinaza hakusinzia. Kurasa mia moja na sitini, jina kwa jina, akawaingiza mabinti ndani.

Jumamosi Kiondo mwenyewe akaleta maboksi ya vitabu. Bibi akasomewa majina yote, na kila lilipotajwa la binti, mtu uani aliitikia, “Mama yangu huyo!”

Bibi akainua daftari kuukuu. “Hili nampa mmoja tu. Aliyewarudisha mabinti zangu nyumbani.”

Nakijwa akanyoosha mkono. “Nisingewatafuta, kisu kingekata nini?”

Elinaza akacheka. “Na nisingewahamisha, shangazi, ungewasomea pipani.”

Kiondo akavua kofia. “Mimi si wa ukoo, bibi. Ila ni mimi niliyewaona wakienda kukatwa.”

Nakijwa akakumbuka neno lake, “Usiguse.” Mkono ukashuka kidogo, lakini haukurudi.

Bibi anatabasamu, daftari bado liko juu, na uani watoto wa mabinti wanasubiri. Nanyi mliosikiliza, semeni: amkabidhi nani?