Udi wa Matanuri Saba

Hapo zamani, katika mji wa Kitongani, palikuwa na sultani jina lake Badawi, aliyependa nyumba yake kuliko watu wake. Alitaka jumba lake liwe jeupe kuliko majumba yote ya pwani, basi akajenga matanuri saba ya kuchomea chokaa, yakawa yanawaka mchana kutwa na usiku kucha kwa magogo mabichi ya mikoko. Moshi ukaushukia mtaa wa mafundi, watu wakakohoa, nguo zilizoanikwa nyeupe zikaanuliwa za kijivu. Ukafika hata jumbani, kuta zikaingia masizi, na Sultani akaamuru chokaa zaidi ichomwe ili masizi yafunikwe. Hiyo ndiyo akili aliyojaaliwa, na mawaziri wote wakaisifu.

Katika mtaa ule alikaa Mcha Vuai, msuka majamvi, fukara ambaye watu walimdhani punguani. Mkewe, Bi Tatu, alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini miaka tisa ya moshi ilimpa pumu, ikawa hawezi kusema maneno matano asikohoe. Mcha Vuai akaogopa kumpoteza. Basi akaenda barazani, akapiga magoti.

"Mola akuweke, bwana wangu. Zima matanuri manne, yabaki matatu, mke wangu apate kupumua."

Sultani akacheka. "Mjinga wewe! Moshi ule ni udi. Wenzenu hununua udi, ninyi nawafukiza bure, na hata ahsante hamsemi."

"Tena udi mzuri sana," akadakia Waziri Shali, ambaye nyumba yake ilikuwa upande usiofikwa na moshi.

"Basi Ijumaa," akasema Sultani, "uniletee zawadi iliyo sawa na hiyo ninayowapa, isizidi wala isipungue. Ukishindwa, uhame mji huu, wewe na kikohozi cha mkeo."

Ijumaa ikafika, Mcha Vuai akaja na chetezo kikubwa mno, ndani yake makaa ya tanurini na vipande vibichi vya mikoko.

"Nimekuletea udi ule ule, bwana wangu."

Na desturi ya Kitongani ilikuwa hivi: udi ukiletwa, milango na madirisha hufungwa harufu isipotee, na anayefukizwa haondoki kitini mpaka mfukizaji akiondoe chetezo. Kuondoka kabla ni aibu kubwa. Sultani hakuweza kukataa, kwa kuwa mwenyewe aliuita udi mbele ya watu. Basi milango ikafungwa.

Moshi ukatanda. Waziri Shali, msifu udi, alikuwa wa kwanza kusahau adabu, akafungua dirisha akajitupa nje. Sultani akabaki kitini, kamasi zikimchuruzika juu ya joho la zari.

"Ondoa!" akalia.

"Bado, bwana wangu. Uliamuru zawadi iwe sawa, isipungue. Sisi tumefukizwa miaka tisa, na wewe hata kahawa haijachemka. Kikiondoka chetezo hiki, na vyetezo vya kwetu, yale matanuri manne, havina budi kuondoka, ama nitakuwa nimevunja amri yako."

Sultani akakohoa hata kilemba kikamwanguka. "Manne!" akasema. "Yazimwe manne!"

"Mmesikia?" Mcha Vuai akawauliza waliohudhuria.

"Tumesikia!" wakajibu wote, na siku hiyo angalau walimaanisha walichosema.

Basi matanuri manne yakazimwa siku ile ile. Haukupita muda, nguo zikaanuliwa nyeupe, watoto wakarudia kukimbizana, na muuza dawa ya kikohozi akahama mji kwa kukosa wateja. Kuta za jumba nazo zikakaa mwaka mzima bila masizi, na chokaa ya matanuri matatu ikatosha na kusaza. Sultani akatangaza kwamba hiyo ilikuwa busara yake, na mawaziri wote wakaisifu.

Asubuhi moja Bi Tatu aliketi kizingitini, akavuta pumzi ndefu, ikaingia yote. Akamtazama mumewe, akasema pasipo kukohoa hata mara moja: "Mume wangu, ulimpata Sultani mlango umefungwa, moshi umejaa, naye hana pa kwenda, halafu ukamwachia kwa manne tu, kabla hata kahawa haijachemka?"

Mcha Vuai akalia kwa furaha, maana mkewe alikuwa bado anaendelea kumgombeza.