Matangi Juu ya Chumba cha Nyamizi

Mnatazama pembeni. Nimesema "Kodi ya paa hulipwa na walio chini," mmeguna, kisha mnaniuliza imetoka wapi, kana kwamba hamzijui nyumba mnazolala. Haya. Methali hii ilianza hivi.

Mtaa wa Mashineni alikuwepo mwenye nyumba, Mzee Chambuso, na vyumba vyake vinne vya matofali ya udongo. Siku moja muuza maji akamwambia, "Mzee, hilo paa limekaa bure. Niweke matangi matatu, kila mwezi nikupe zaidi ya kodi ya vyumba viwili." Chambuso akapiga hesabu ya vyumba, akajumlisha ya paa. Ukuta hakuupigia hesabu. Magogo yakalazwa juu ya kuta, matangi yakapandishwa. Na ili wapangaji wasihame, akawasamehe kodi ya mwezi mmoja, tena kila chumba kikapata ndoo mbili za maji kwa siku.

Chini kabisa ya matangi aliishi Nyamizi, fundi cherehani, na mama yake Bi Kalunde, aliyepooza miguu. Ufa ulipotokea, Nyamizi aliuziba kwa sabuni, akatundika kalenda juu yake. Majirani nao walitundika zao. Hakuna aliyefunua ya mwenzake.

Mchanga ukaanza kumdondokea mama kitandani. "Mwanangu," akasema, "nyumba hii inatafuna. Nasikia meno."

Nyamizi akaenda kwa Chambuso.

"Kwani mwezi huu umelipa, binti?"

"Sijalipa, mzee. Ulinisamehe."

"Basi na wewe usamehe ukuta."

Majirani nao wakamvuta kando: "Dada, nyamaza. Ukimuudhi, ndoo zetu ndiyo basi."

Jumamosi asubuhi pampu ilikuwa ikijaza matangi, na majirani wamepanga foleni ya maji. Nyamizi alirudi na ndoo yake, mlango ukakataa kufunguka. Ukuta ulikuwa umeibana fremu. Ndani mama aligonga kwa fimbo, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

"Zimeni pampu! Mama yumo ndani!"

"Subiri kidogo," foleni ikajibu, "bado watu watatu."

Akaupiga mlango kwa bega. Akaupiga tena. Fimbo bado ilikuwa ikigonga. Kisha paa likashuka lote, maji mekundu ya udongo yakatoka chini ya mlango, na fimbo ikanyamaza.

Waliokuwa kwenye foleni ile naweza kuwataja mmoja mmoja hadi leo.

Msibani Chambuso alileta bahasha, akitaka kumrudishia Nyamizi kodi aliyowahi kulipa. Nyamizi hakuipokea. "Huna deni, mzee," alisema. "Kodi ya paa hulipwa na walio chini. Mama ameshalipa."

Mmeelewa sasa? Basi inukeni. Msimngoje mwenyekiti wa mtaa. Nendeni kwa kila anayelala chini ya tangi, mtoeni mgonjwa wake, mtoeni mtoto wake, leo hii, kabla pampu haijawashwa. Kisha simameni mlangoni kwa mwenye nyumba, wote, mpaka matangi yashuke. Kodi ya paa hulipwa na walio chini. Bado mmekaa? Inukeni!