Ndege wa Chini ya Kidaraja

Waliotuachia methali walijua mambo ya nyumbani. Walijua kwamba kitu kikiingia mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa, hata mwenye kitanda awe tajiri au mwenyekiti wa chama. Kitakaa huko huko gizani mpaka mtu apige magoti, ashushe uso hadi sakafuni na anyooshe mkono. Ndiyo maana wakasema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, yaani anayetaka kitu kilicho mahali pa chini hana budi kuishusha nafsi yake akifuate. Mukai binti Ndolo aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na aliwahi hata kusifiwa na mwalimu kwa kuieleza vizuri. Kuielewa kulimchukua miaka mingine thelathini na magunia kadhaa ya taka.

Mukai alifanya kazi katika karakana ya wachongaji mtaani Baba Dogo, kati ya kiwanda cha ndoo za plastiki na ghala la magurudumu makuukuu. Kwa desturi ya karakana hiyo, wanaume walichonga na wanawake walipiga msasa. Mukai alikuwa amepiga msasa kwa miaka kumi na minane, na viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko msasa wenyewe. Lakini ufundi aliurithi pia. Wenzake walipokwenda kula chakula cha mchana, yeye alichukua tezo ya marehemu baba yake akachonga twiga, vifaru na ndege, tena kazi safi isiyo na doa.

Tatizo lilikuwa moja. Kila kazi iliyotoka pale ilikuwa na alama ya mchongaji chini yake, na alama ilikuwa haki ya wanachama wa chama cha karakana peke yao. Basi kazi za Mukai zilitoka na alama ya binamu yake Kiilu, mtu ambaye, tuseme ukweli tu, hata mwiko wa ugali ungemshinda kuchonga. Alichokitaka Mukai hakikuwa kikubwa. Alitaka alama yake mwenyewe, chini ya kazi yake mwenyewe.

Njia ya kuipata ilikuwepo. Mara moja kwa mwaka, anayetaka uanachama alileta kiumbe mmoja aliyemchonga. Kazi iliwekwa sakafuni, wachongaji saba wakuu wakaizunguka, na kila aliyeridhika akaangusha kibanzi cha mti kando yake. Vibanzi vinne vilitosha. Aliyeshindwa mara tatu hakuitwa tena maishani. Mwaka wa kwanza Mukai alileta twiga, akapata kibanzi kimoja. Mwaka wa pili alileta ndege, akapata viwili.

Mwenyekiti wa chama aliitwa Mzee Muasya, mtu mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Siku hiyo ya ndege alisimama na fimbo yake, akaitazama kazi kwa muda mrefu.

"Mukai mwanangu, ndege wako ni mzuri," alisema. "Ila hajawahi kula."

Watu wakacheka. Mukai akahisi uso unawaka moto. "Hajawahi kula kivipi, Mzee?"

"Tazama miguu. Amesimama tu, utadhani kapigiliwa misumari. Ulimwona wapi?"

"Kwenye sampuli ya baba, ile kazi aliyoniachia niige."

"Na baba yako alimwona wapi?"

Mukai akapandwa na hasira. "Nyinyi semeni tu ukweli! Mnataka mwanamke arudi kwenye msasa!"

"Wawili kati yetu wangependa hivyo, sikatai," Muasya alijibu pole pole. "Mimi simo. Kamtafute ndege, mama. Una mwaka mmoja."

Miezi kumi ilipita Mukai akinuna. Ukali wake ukazidi hata nyumbani, hadi binti yake Ndindi akawa anamsalimia kutoka mlangoni kwanza apime hewa. Usingizi ulimkataa. Na kila alipoiweka sampuli ya baba yake mbele ya gogo na kuanza kuipima kwa uzi, swali la Muasya lilimrudia, mkono ukasita.

Mahali pa kumwona ndege palikuwa karibu, na hapo ndipo uchungu wote ulipokuwa. Nyuma ya karakana, kando ya mto, wanawake wa mtaa walikuwa wamesafisha jaa la taka wakalifanya bustani yenye miti, migomba na kidaraja cha mbao cha kuvukia kijito. Aliyewaongoza alikuwa Habon, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye wote walimwita Mama Kawsar. Sasa, miaka miwili nyuma, Mukai alirusha gunia la unga wa mbao na makopo ya vanishi juu ya ua wa bustani hiyo. Lilitua juu ya miche iliyopandwa asubuhi ile ile. Habon alipokuja kulalamika, Mukai hakuomba radhi. Alisimama mlangoni mwa karakana akasema kwa sauti, mbele ya watu, "Mimi ni fundi. Mambo ya taka waulize wazoa taka."

Ulimi hauna mfupa. Tangu siku hiyo walikuwa wakipishana njiani kama watu wasioonana.

Ilipobaki miezi miwili, Mukai alivaa kanga safi, akashika njia ya kwenda bustanini. Mara mbili aligeukia njiani akarudi. Mara ya tatu miguu ilikubali kumfikisha langoni.

"Hodi, Mama Kawsar."

Habon alikuwa akimwagilia sukuma wiki. Alimtazama kuanzia kanga hadi viatu. "Karibu. Leo fundi amepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kukuomba radhi. Niliua miche yenu, kisha nikawatukana. Nilikosa, dada yangu, na nilijua nimekosa siku ile ile." Maneno hayo yalikuwa yamekaa kifuani miaka miwili, na kuyatoa kuliuma kama kung'oa jino.

Habon akatabasamu. "Walahi, nilidhani nitakufa kabla sijayasikia. Basi yameisha, Mama Ndindi. Unataka nini?"

"Nataka kukaa humu nitazame ndege."

"Utakaa." Habon aliingia kibandani, akatoka na gunia tupu na glavu moja iliyotoboka. "Kila anayekuja kupumzika hapa hujaza gunia moja kwanza. Ndiyo sheria, hata kwa diwani. Msamaha umeshapata. Gunia bado."

Kwa hiyo fundi akawa mzoa taka. Kila asubuhi kabla ya kazi, Mukai aliinama ukingoni mwa kijito akiokota chupa, soli za viatu na mifuko iliyogandamana na matope. Mgongo ulilia. Siku ya tatu Kiilu alipita upande wa pili wa ua, akasimama kufurahia.

"Niaje, Mukai! Kumbe siku hizi umeandikwa na kanjo, uzolee jiji taka?"

Zamani angemrushia jiwe. Siku hiyo alijikuta akicheka. "Poa tu, Kiilu. Gunia lingine lipo, ingia." Kiilu akakumbuka ghafla kwamba alikuwa na haraka.

Siku ya tano Mukai alifika kwenye kidaraja. Mfuko wa plastiki ulikuwa umenasa chini yake, penye giza, kati ya mbao na jiwe la ukingo. Alijaribu kuuvuta kwa fimbo ukakataa. Akachuchumaa, bado. Mwishowe akalala kifudifudi kwenye udongo mbichi, shavu likigusa tope, akaingiza mkono.

Kitu kikalia humo ndani. Kilikuwa kilio chembamba sana. Mukai aliurudisha mkono pole pole, akaacha macho yazoee giza. Juu ya jiwe, chini kabisa ya mbao ambazo watu walikanyaga kutwa nzima, palikuwa na kiota. Kilifumwa kwa nyasi, manyoya na nywele bandia za saluni, nyekundu na zambarau. Ndani yake vilijaa vinywa vitatu vya manjano vya makinda, vilivyofunguka kwa upana kuliko vichwa vyenyewe.

Kisha mama yao akaja. Alikuwa yule ndege mdogo mweusi kwa mweupe asiyetuliza mkia, ambaye Mukai alikuwa amempita maelfu ya mara kwenye mitaro ya mtaa bila kumtazama. Alitua hatua tatu tu kutoka kwenye pua yake, mdomo umejaa wadudu. Mukai akazuia pumzi. Akaona jinsi mwili unavyotangulia mbele na mguu unavyoukimbilia usianguke. Akaona kwamba miguu ikisimama, mkia bado unaendelea, juu chini, juu chini, kana kwamba habari haijaufikia. Akaona uzito wote wa mama ukihamia kwenye kifua alipowainamia wanawe. Hakuna sampuli iliyowahi kumwambia hayo.

Alilala pale mpaka king'ora cha kiwanda kilipolia saa mbili. Alipoinuka alikuwa analia, na hakujua alianza lini. Yalikuwa machozi ya raha. Kwa miaka mingi alidhani mtaa wake ni moshi na kelele tu, kumbe chini ya miguu yake kulikuwa na nyumba nzima inayoendesha maisha yake bila kumsubiri mtu.

Tangu hapo alikuja kila kulipopambazuka, akajaza gunia, akalala chini akatazama. Usingizi ukarudi. Ndindi akaacha kusalimia kutoka mlangoni.

Wiki ya pili mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Alfajiri Mukai alikimbia hadi bustanini bila kujifunga kilemba. Kijito kilikuwa kimepanda, maji yanapiga mbao za kidaraja, na kiota hakikuwepo. Alikaa kwenye tope akashika kichwa.

"Mama Ndindi!" Habon aliita kutoka kwenye migomba. "Mbona unaomboleza? Inua macho! Wameruka jana jioni, mbele yangu mimi!"

Juu ya ukuta wa bustani walipanga mstari watoto watatu wa rangi ya majivu, mikia juu chini, juu chini. Mukai alishusha pumzi ndefu, kisha akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Habon naye akacheka, wakashikana mikono wasianguke kwenye utelezi.

Siku hiyo hiyo alianza kuchonga. Alichukua gogo la mpingo, mti wenye moyo mweusi uliozungukwa na tabaka jeupe. Wachongaji wote huliparua tabaka hilo jeupe na kulitupa, maana wanunuzi hutaka weusi mtupu. Mukai aliliacha. Sampuli ya baba yake aliifunga kwenye kitambaa kwa heshima, akaiweka rafuni.

Siku ya mtihani, wachongaji saba waliizunguka kazi yake sakafuni. Kutoka walikosimama waliona jiwe jeusi lililochongwa kwa mpingo, limeinamia mbele, na ncha ya mkia.

"Ndege yuko wapi?" mmoja aliuliza.

"Yumo humo, chini," Mukai alijibu. Safari hii hakugomba na mtu.

Muasya alitazama jiwe, akatazama magoti yake. Akamkabidhi Mukai fimbo, akashika kigoda, akashuka taratibu, magoti yakialika mpaka wote wakasikia. Akaweka shavu sakafuni. Chini ya ule mwamba wa mpingo alisimama ndege mweusi mwenye kifua cheupe na nyusi nyeupe, rangi za mti wenyewe, uzito wake wote ukiegemea mbele juu ya vinywa vitatu vilivyo wazi. Mguu mmoja ulikuwa bado haujakanyaga vizuri.

Mzee alikaa vile kwa muda mrefu. Watu wakadhani ameshindwa kuinuka.

"Huyu amekula," alisema hatimaye, bado yuko chini. "Na wanawe wanakula. Njooni muone."

Mmoja baada ya mwingine, wazee wa karakana walishuka chini, wengine wakiguna, wengine wakisaidiwa. Kibanzi cha kwanza kilianguka, kikafuatwa na cha pili, hata vikawa sita. Mzee wa saba alikataa katakata kupiga magoti kwa ajili ya kazi ya mwanamke. Alisema haoni kitu, na kweli hakuona.

Mukai alihisi mwili wake umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Alimwinua Muasya kwa mikono miwili. Mzee akampa patasi ndogo ya chama, akamwambia achore alama yake. Mukai aliigeuza kazi kichwa chini, miguu juu, akachora unyayo wa ndege, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Mlangoni alisimama Mama Kawsar, gunia tupu begani, akipiga vigelegele.

Alama hiyo iko chini ya kila kazi ya Mukai hadi leo, na anayetaka kuiona lazima ajisumbue kidogo, kwa sababu mtaka cha mvunguni sharti ainame.